Umetoka kucheki peismeka na hujisikii vizuri: anza hapa

Umeenda mzima, umetembea mwenyewe, umelala kitandani wakaweka kile kidude cha kusomea juu ya peismeka, yaani kile kifaa kidogo cha kifuani chenye nyaya zinazoingia moyoni kuusaidia upige, kompyuta ikatoa milio yake, baada ya dakika kumi na tano mtu anakwambia betri nzuri, nyaya nzuri, tuonane baada ya miezi sita. Unafika nyumbani kichwa chepesi. Au miguu mizito kama umebeba gunia. Au kuna kitu kinagonga shingoni ambacho jana hakikuwepo. Unapiga simu, unajibiwa "kifaa kiko sawa".

Sasa hapo ndo pa kuelewa. Kifaa kuwa sawa ni kitu kimoja, setingi kukufaa wewe ni kitu kingine kabisa. Kifaa kinaweza kuwa kizima, betri imejaa, nyaya hazina shida yoyote, halafu namba walizoweka siku ile mwili wako hauzitaki. Ni kama kiatu kizima ila sio saizi yako.

Mimi yalinikuta. Nilitoka kucheki nikawa siwezi kupanda ngazi za ghorofa moja bila kusimama katikati, nikakaa siku tisa najiambia ni uchovu tu, ni umri, sijui nini, kumbe ilikuwa kitu cha kubonyeza, wakarudisha setingi moja nikatoka pale mtu mwingine. Siku tisa za bure hizo. (Peismeka wengine wanaita betri ya moyo, ni kitu kilekile, ila humu nikisema betri namaanisha ile betri yenyewe iliyo ndani ya kifaa, tusichanganyane.)

Hatua ya kwanza: hakikisha sio dharura

Hii usiiruke ukakimbilia zile za chini. Kama umezimia, au umekaribia kuzimia ile ya macho kuingia giza, kama kifua kinabana au kinauma, kama unahema kwa shida na umekaa tu, kama mdomo umepinda au mkono umelegea au maneno hayatoki vizuri, basi acha kusoma, nenda hospitali iliyo karibu sasa hivi, na usiendeshe gari mwenyewe. Hata kama ulikuwa umecheki kifaa saa mbili zilizopita na walisema safi. Hali kadhalika mapigo yakiwa chini sana kuliko kawaida yako na unajisikia vibaya, au moyo unaenda mbio umekaa kimya na hautulii.

Beba ile kadi ya kifaa. Watu wengi wanaiona kama kikaratasi cha kuweka kwenye droo lakini ina jina la kampuni, modeli na namba za kifaa na za nyaya, na hii ina maana kubwa kwa sababu kila kampuni ina kompyuta yake na kompyuta ya kampuni hii haisomi kifaa cha kampuni ile. Ukifika bila kadi wanaanza kubahatisha, mara wapige eksirei waangalie umbo la kifaa, muda unakwenda.

Kuna dalili nyingine sio za kukimbizwa usiku ila ni za kupiga simu siku hiyohiyo, usingoje wiki iishe: kwikwi isiyokatika, misuli ya tumbo au ya kifua inaruka kwa kufuata mapigo, homa, au pale kifaa kilipo pamevimba, pamekuwa pekundu au panatoa maji. Na kama kifaa chako ni kile kinachoweza kupiga shoti, shoti moja na uko vizuri unapiga simu, shoti mbili au zaidi, au moja na hujisikii vizuri, hiyo ni dharura.

Hatua ya pili: jua walikufanyia nini pale kitandani

Wengi tunalala pale hatuulizi. Sasa kuna vipimo hauvihisi kabisa, kama nguvu ya betri na ukinzani wa nyaya. Ila viwili vinahisika.

Cha kwanza wanataka kujua moyo wako wenyewe unapiga vipi bila msaada, kwa hiyo wanapunguza kifaa taratibu, mapigo 50 kwa dakika, 40, wakati mwingine hata 30, wanaangalia kama moyo utaamka. Kama moyo wako unategemea kifaa kwa kila pigo hapo ndo unasikia kama uko kwenye lifti inashuka. Sema! Ukisema tu wanarudisha, ni kitufe kimoja.

Cha pili wanatafuta umeme mdogo kabisa unaotosha kuufanya moyo upige. Wanaharakisha moyo kidogo juu ya mwendo wako, halafu wanashusha volti hatua kwa hatua mpaka pigo moja likosekane, hapo wanajua kiwango, wanapandisha tena. Wakati wanapima waya wa chumba cha chini cha moyo, mara nyingi chumba cha juu na cha chini vinakuwa havipigi kwa mpangilio wake wa kawaida, cha juu kinasukuma damu huku mlango wa kwenda chini umefungwa, damu inarudi nyuma kuelekea shingoni. Ndo kule kugonga shingoni, kichefuchefu kidogo, pumzi kukata. Vinaisha kipimo kikiisha, sekunde mpaka dakika chache.

Ongezea na ile kwamba ulikuwa na wasiwasi, labda hujala, umelala chali halafu ukainuka kwa haraka, presha ikashuka. Kwa hiyo ukiwa mchovu na kichwa chepesi kidogo siku hiyo, halafu kesho umeamka uko kawaida, mimi nisingehangaika, ningeandika tu kwenye daftari ili siku nyingine niwaambie mapema. Lakini kama kesho bado ipo, au inakuja kila ukifanya kitu kilekile, kila ukipanda ngazi, kila ukilala ubavu wa kushoto, hiyo sio uchovu wa kliniki tena.

Hatua ya tatu: pima, usikisie

Kaa kwenye kiti dakika tano, usiongee. Vidole viwili kwenye kifundo cha mkono, pale kiganja kinapoanzia, upande wa dole gumba, hesabu mapigo dakika nzima. Sio sekunde kumi na tano mara nne, dakika nzima, maana ukihesabu kwa mkato pigo lililoruka halionekani au linahesabiwa mara nne. Halafu linganisha na namba yako ya chini, yaani ile idadi ya mapigo ambayo kifaa hakiruhusu moyo ushuke chini yake. Wengi ni 60, lakini ya kwako inaweza kuwa 50 au 70, iulizie.

Umepata 44 na namba yako ni 60? Usizimie kwa woga. Inawezekana kifaa kinatuma umeme moyo hauitikii, hiyo ni mbaya kweli. Ila pia inawezekana moyo una mapigo ya ziada yanayokuja mapema kabla haujajaa damu, pigo lipo ila ni dhaifu halifiki mkononi, kwa hiyo mkono unahesabu pungufu wakati kifaa kinaona yote. Na kuna setingi zinazoruhusu mapigo kushuka chini kidogo ya namba yako, mfano usiku ukiwa umelala. Kwa vidole hauwezi kutofautisha, inahitaji ECG, kile kipimo cha kuchora umeme wa moyo. Kwa hiyo namba ndogo na uko vizuri, piga simu leo. Namba ndogo na kizunguzungu, rudi hatua ya kwanza. Na zile saa za mkononi na kile kipimo cha kubana kidole vinadanganyika kirahisi mapigo yasipokuwa sawasawa, amini vidole vyako kwanza.

Kama una mashine ya presha pima umekaa, kisha simama, pima tena baada ya dakika moja na baada ya dakika tatu. Namba ya juu ikishuka 20 au zaidi, au ya chini ikishuka 10, kizunguzungu chako inawezekana kabisa kinatokana na presha kushuka ukisimama, na hapo tunaongea habari za dawa na maji, sio lazima peismeka.

Andika saa, ulikuwa unafanya nini, mapigo, presha, ulihisi nini, iliisha baada ya muda gani. Mistari miwili tu kila ikitokea. Saa ni muhimu kuliko unavyodhani kwa sababu kifaa kina kumbukumbu yake na matukio mengine kinayaandika na muda wake, ukisema "jumanne saa nne na robo asubuhi" mtaalamu anaweza kwenda kuangalia kama kuna kitu pale.

Hatua ya nne: omba karatasi, ya kabla na ya baada

Hii kwangu ndo hatua yenyewe. Kompyuta yao inaweza kuonyesha setingi ulizoingia nazo na setingi ulizotoka nazo. Omba zote mbili, waambie kwa adabu tu, daktari naomba nakala ya setingi za mwanzo na za mwisho. Ukizishika mkononi tafuta kilichobadilika.

Anza na zile herufi, VVI, DDD, DDDR na ndugu zake. Herufi ya kwanza ni chumba kinachopigishwa, ya pili ni chumba kinachosikilizwa, ya tatu ni kifaa kinafanya nini kikisikia pigo. A ni chumba cha juu, V cha chini, D vyote viwili, na I kwenye nafasi ya tatu maana yake kikisikia pigo kinanyamaza. R ikiwepo mwishoni maana yake kifaa kinaongeza mapigo ukijishughulisha.

Hiyo R ndo iliyonitesa mimi. Waliizima, sijui kwa nini na sikuuliza, na moyo wangu mwenyewe hauongezi kasi, kwa hiyo niko kwenye ngazi nahitaji mapigo 95 moyo umekaa 60 palepale kama hauniongelei mimi. Ukiwa umekaa uko fresh kabisa, ECG ya kitandani safi, ndo maana ukirudi wakakupima umelala wanasema hamna kitu. Kinyume chake pia kipo, R ikiwekwa kali sana moyo unakimbia bila sababu, kwa sababu vifaa vingi vinahisi mtikisiko, unapita barabara mbovu ndani ya gari kifaa kinadhani unakimbia.

Ukiona ulikuwa DDD sasa ni VVI, uliza sababu. Zipo sababu halali, mfano mtu ambaye chumba cha juu kinatetemeka muda wote hakuna faida ya kukifuata. Ila kwa wengine kule kugonga shingoni na pumzi kukata ambako kwenye kipimo kulikuwa kwa sekunde chache, sasa kunakuwa kwa kutwa nzima, unachoka, kichwa unakisikia kimejaa, presha inashuka. Madaktari wana jina lake kabisa, sindromu ya peismeka, kwa hiyo usikubali kuambiwa ni mawazo.

Namba ya chini imeshushwa kutoka 60 kwenda 50, wengine wanachoka. Imepandishwa 70, wengine wanalala wanasikia moyo unadunda kwenye mto. Hizi mwili mara nyingi unazoea ndani ya siku kadhaa, sio zote.

Volti. Kifaa kikiwa kipya wanaweka umeme juu kwa sababu kidonda cha ndani pale waya ulipogusa moyo kinafanya moyo uwe mgumu kuitikia wiki za mwanzo, baada ya miezi miwili mitatu wanashusha ili betri idumu. Kawaida wanaacha akiba nzuri, mara nyingi mara mbili ya ule umeme mdogo waliopima. Ikishushwa mno mapigo yanaweza kukosekana, ikipandishwa mno ndo zile kwikwi na misuli kuruka.

Kuna na ile setingi ya kukisubirisha kifaa ili moyo ujaribu kupigisha chumba cha chini wenyewe kwanza. Hii mtu unaweza kuhisi kama moyo umeruka, pigo moja limepotea halafu kifaa kinashika. Inaudhi lakini ina nia njema, maana kupigishwa sana chumba cha chini cha kulia kwa miaka kunaweza kuudhoofisha moyo kwa baadhi ya watu. So usiende pale kuamuru izimwe, eleza unachohisi, waache wapime faida na hasara.

Na kama ni mtu wa mazoezi, uko vizuri unakimbia halafu ghafla kama mtu amekata gesi, mapigo yanaporomoka nusu, uliza habari ya kikomo cha juu. Moyo wako wa juu umeenda kasi kuliko kifaa kinavyoruhusiwa kufuata, kikaanza kuruka pigo moja moja.

La mwisho kwenye karatasi ni betri. Ikifika kiwango cha kubadilishwa, baadhi ya vifaa vinajibana vyenyewe kuokoa umeme, vinahamia VVI kwa mapigo 65 na R inazimwa. Hakuna aliyebonyeza kitu, kifaa kimeamua. Kwa kawaida hapo unakuwa bado na miezi mitatu hivi ya kupanga kubadilisha, kwa hiyo sio kwamba kinazimika usiku huu, lakini uchovu ni wa kweli. Na kubadilisha sio mwisho wa dunia: Arne Larsson wa Sweden, mtu wa kwanza kuwekewa peismeka mwilini, Oktoba 1958, cha kwanza kilimfia ndani ya masaa tu, na akaishi mpaka 2001 akiwa na miaka 86, amepitia vifaa zaidi ya ishirini.

Hatua ya tano: piga simu, lakini piga vizuri

Ukisema "sijisikii vizuri tangu jana" utaambiwa pumzika unywe maji. Omba kuongea na watu wa kliniki ya kifaa wenyewe, sio mapokezi, halafu sema hivi: "Shikamoo daktari, nilicheki peismeka jumatatu asubuhi. Kabla ya hapo nilikuwa napanda ngazi bila shida. Tangu jumatatu nikipanda nakata pumzi, nimepima mapigo nikiwa nimesimama juu ya ngazi ni 60, nikiwa nimekaa ni 60. Naomba kujua setingi gani ilibadilishwa." Hapo umewapa kabla, baada, kitendo, na namba. Hakuna mtu anaweza kukujibu kifaa kiko sawa akakata simu. Akikujibu hivyo, mjibu tu, sawa, naamini kiko sawa, nauliza setingi.

Kama una kile kiboksi cha kutuma taarifa kutoka nyumbani, waulize kama utume sasa. Jua tu kwamba kwa kawaida kiboksi kinasoma na kutuma, kubadilisha setingi lazima uende.

Wakati unasubiri usiache dawa yoyote kwa uamuzi wako, usipande ngazi ya kuezekea, usiendeshe kama una kizunguzungu, na usijaribu ujanja wa kuweka sumaku kifuani ati uone itakuwaje, sumaku inakifanya kifaa kipige kwa mwendo wake bila kusikiliza moyo. Simu nayo iweke mbali na kifaa angalau sentimita 15, hasa hizi zenye sumaku kwa nyuma, itoe kwenye mfuko wa shati.

Hatua ya sita: kubali pia kwamba inaweza isiwe kifaa

Hapa naongea na wale kama mimi ambao tukishapata kisingizio hatukiachi. Siku ile ya kucheki daktari alibadilisha dawa ya presha? Umeanza ya kupunguza maji mwilini? Una mafua yanakuja? Damu imepungua? Chumba cha juu kimeanza kutetemeka, ambacho kwa bahati nzuri kifaa kinaona na kuandika? Vitu vinaweza kugongana wiki moja bila kuhusiana. Na wasiwasi wenyewe una dalili zake, moyo kwenda mbio, pumzi fupi, vidole kufa ganzi, sio aibu kulisema. Ila wasiwasi uwe jibu la mwisho baada ya kuangalia karatasi, usiwe jibu la kwanza.

Hatua ya saba: ukirudi, usikubali kupimwa umelala tu

Kama shida yako inakuja ukitembea, waambie unataka kutembea. Vifaa vingi wanaweza kukuangalia unatembea kwenye korido, wanaona mapigo yanapandaje, wanarekebisha R palepale, unatembea tena. Badilisha kitu kimoja kimoja ukiweza, wakibadilisha vinne kwa mpigo ukajisikia vibaya tena hamtajua ni kipi. Uliza nikae na hii muda gani kabla sijasema imeshindikana. Piga picha karatasi mpya.

Mimi sasa hivi nikishaambiwa tayari, nasema asante, navaa shati, natoka nje napanda ngazi ghorofa moja nashuka, narudi kusimama mlangoni dakika mbili tatu. Wameshanizoea, wananiuliza tu, vipi mzee, zimekaa?